Umechukua sungura wa mtu? Namna ya kumrekebishia msosi polepole bila kumvuruga tumbo

Kama sungura kaingia kwako jana au juzi, nakuomba kitu kimoja kabla ya vyote, usimwage chakula alichokuja nacho. Najua unaona kabisa ni pumba na vipande vya mkate na roho inakuuma unataka umpe vitu vizuri leo leo. Mi nilifanya hivohivo. Jirani yetu hapa Tabata alikuwa anahamia Mwanza akatuachia sungura wawili, majike, ndugu wa tumbo moja, kwenye kreti la soda pamoja na nusu kiroba cha chakula cha kuku, akasema hawa hawasumbui wanakula kila kitu. Wanangu wakawaita Pamba na Kahawa. Jioni ileile nikatupa chakula cha kuku chote, nikaenda gengeni nikanunua kabichi, karoti na mafungu matatu ya mchicha, nikawajazia banda. Wakala kwa fujo mpaka nikafurahi. Siku ya tatu asubuhi Pamba kajikunyata konani, hagusi kitu, na pale alipolala hamna hata punje moja ya mavi. Dokta wa mifugo alivyomwona akaniuliza alikuwa anakula nini kabla, nikamwambia, akasema mama hujampa sumu, umembadilishia haraka mno. Pamba alipona baada ya siku nne ambazo mimi na binti yangu tulikuwa tunaamka kila masaa matatu usiku kumlisha uji kwa bomba la sindano, bila sindano yenyewe. Sitaki mtu mwingine apitie ile.

Alafu kuna jambo la pili ambalo linawapotosha watu wengi huku kwetu. Ukiuliza agroveti au kwenye magrupu ya wafugaji sungura ale nini, majibu mengi utakayopata ni ya sungura wa nyama. Sio majibu mabaya, ila yana lengo lingine, yaani sungura anenepe haraka achinjwe akiwa na miezi mitatu, minne, mitano. Wa kwako wa nyumbani akitunzwa vizuri anaishi miaka 8 hadi 12. Chakula cha kumnenepesha kwa miezi minne ukimpa miaka minne unampa mafuta kwenye ini, meno mabovu na tumbo linalosimama kila mara. Kwahiyo ukisikia mtu anakwambia mpe peleti, kile chakula cha dukani kilichoshindiliwa kuwa vipande vidogo, atakavyo na pumba juu, muulize kwanza yeye wake wanaenda wapi.

Kwanini tumbo lake linadeka hivi

Fupi tu, manake ukielewa hapa hatua zote zitakuingia zenyewe. Sungura hana matumbo manne kama ng'ombe, lakini mwanzoni mwa utumbo mpana ana mfuko mkubwa ambao ndani yake kuna bakteria wengi sana, hao ndo wanaomvundikia majani na kumtengenezea vitamini. Bakteria hao wamezoea chakula anachokula kila siku. Ukileta ghafla wanga au sukari nyingi, wale wabaya wanazaliana, gesi inajaa, na sungura hawezi kutapika kabisa, hawezi hata kubeua vizuri, kwahiyo kilichoingia lazima kipite chini. Kinachosukuma chakula kipite ni nyuzinyuzi ndefu za nyasi. Zikikosekana mwendo unapungua, unasimama, anaumwa tumbo, akiumwa anaacha kula, akiacha kula ndo mwendo unazidi kusimama. Ni mduara mbaya na unaua ndani ya siku moja au mbili.

Na meno. Sungura ana meno 28 na yote yanaota maisha yake yote, yale ya mbele kama milimita 2 mpaka 3 kwa wiki. Kinachoyasaga ni kutafuna nyasi kulia kushoto kwa masaa mengi. Mkate, ugali, peleti, vyote vinapondeka kwa kutafunwa mara chache tu, kwahiyo magego ya nyuma yanaota kwa pembe yanachoma ulimi na mashavu na we kwa nje huoni kitu, unaona tu sungura anakonda na kidevu kimelowa mate.

Mi nawaelezea wanangu hivi: nyasi ndo ugali wa sungura, majani mabichi ndo mboga, peleti ni kipande cha samaki, tunda ni pipi ya sikukuu. Hamna nyumba inayokula pipi na samaki bila ugali.

Hatua ya 1: siku tatu za kwanza, mpe kilekile alichozoea

Muulize aliyekupa, na uulize kwa undani. Alikuwa anakula nini, kiasi gani, mara ngapi, na maji kwenye bakuli au chupa. Omba akupe chakula hicho cha wiki mbili hata kama ni kibaya. Kama ulimwokota au umemnunua sokoni na muuzaji hajui, angalia nini kimebaki kwenye boksi alilokuja nalo na uanze na nyasi tu na maji.

Ukiwa kwenye hizo siku tatu fanya vitu viwili. Mpime uzito kwenye mizani ya jikoni, muweke ndani ya beseni, toa uzito wa beseni, andika ukutani au kwenye simu. Kahawa alikuja na kilo 2.1, Pamba kilo 1.8. Cha pili angalia mavi yake, yawe ya mviringo, makavu, makubwa kama punje ya choroko kubwa au dengu kwa sungura wa ukubwa wa kati, na yawe mengi, mzima anatoa zaidi ya mia mbili kwa siku. Usihesabu yote, zoea tu macho yako yajue rundo la asubuhi lina ukubwa gani. Hilo rundo ndo litakuwa linakupa taarifa miezi yote inayokuja.

Kuhusu chakula cha kuku niseme wazi. Hiki ndo kitu pekee ambacho ningependa kitoke mapema kuliko vingine, kwasababu baadhi ya dawa zinazochanganywa kwenye vyakula vya kuku kuzuia koksidia, ugonjwa wa vijidudu vya tumboni, si salama kwa sungura. Usikate siku moja, lakini kipunguze haraka kidogo, na kama mfuko umeandikwa una dawa ndani basi mtafutie peleti za sungura siku hiyohiyo, uanze na kidogo sana huku nyasi zikiwa nyingi.

Hatua ya 2: tafuta nyasi kabla hujatafuta kitu kingine chochote

Hapa ndo watu wengi wanakwama kwahiyo nitakaa hapa kidogo.

Nyasi ziwepo mbele yake masaa 24, mchana na usiku. Kipimo cha haraka ni rundo lenye ukubwa wa mwili wake kila siku, na afadhali zibaki kuliko ziishe. Zinatakiwa kuwa kama asilimia 80 au zaidi ya kila anachokula.

Zikiwa kavu, yaani hei, ni rahisi zaidi kuhifadhi na tumbo linazipokea vizuri. Wenzetu Kenya wana nafuu, hei ya boma rhodes, aina ya nyasi za malisho, inauzwa kwa marobota sehemu nyingi kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa, nunua robota moja linamtosha sungura mmoja muda mrefu. Huku Dar ulizia kwa watu wenye ng'ombe wa maziwa, wao wanajua hei inatoka wapi, na wengi hawakatai kukugawia mfuko mmoja. Ukiletewa hei inuse kabla hujalipa. Iwe na rangi ya kijani iliyopauka, inanukia kama majani ya chai. Ikiwa nyeusi, imelowa, au ukiitikisa inatoa vumbi jeupe la ukungu, iache hata kama wanakupa bure. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, inamdhuru sungura hata kwa kiasi kidogo, na haionekani kwa macho.

Kama hamna hei, kausha mwenyewe, mi ndo ninavyofanya. Nyasi nzuri ni ukoka, zile zinazotambaa uwanjani kila mahali, au mabingobingo machanga kabla hayajawa magumu kama miwa. Kata asubuhi umande ukishakauka, na ukate kabla hazijatoa mbegu, zikishazeeka zinakuwa fito tupu. Tandaza nyembamba juu ya mkeka au turubai, geuza mara mbili tatu kwa siku, jioni ingiza ndani zisipate umande. Kiangazi zinakauka siku mbili mpaka tatu. Utajua zimekauka ukikunja bua linakatika kwa sauti, likijikunja tu bado. Weka kwenye kiroba kinachopitisha hewa, sio mfuko wa nailoni, na usikiweke sakafuni, kininginize au kiweke juu ya matofali. Masika yakianza mwezi wa tatu hutapata jua la kukausha, kwahiyo Januari na Februari nakausha viroba vinne vitano vya akiba.

Nyasi mbichi nazo ni chakula kizuri kabisa, usiogope maneno ya watu kwamba sungura akila mbichi anakufa. Anayekufa ni yule aliyekuwa hajazoea akajaziwa, au aliyepewa nyasi zilizorundikwa zikapata joto. Ukishika rundo la majani ukasikia vuguvugu ndani yake yameshaanza kuchacha, mpelekee mbuzi wa jirani kama anataka, sungura usimpe. Na kwa kuwa nyasi mbichi sehemu kubwa ni maji, zinatakiwa nyingi zaidi kuliko kavu.

Unapokata pia papime. Pembeni ya barabara kubwa kuna moshi na mafuta, kwenye bustani za mboga kuna dawa za kunyunyizia, na sehemu ambapo mbwa wanazunguka achana napo. Vijana wanaouza majani ya ng'ombe kwa baiskeli nao ni wazuri, ila waulize wamekata wapi, mi nina kijana mmoja namwamini na namlipa kidogo juu ili akate mbali na mtaro.

Kama sungura wako anaziangalia nyasi kama takataka, ni kawaida, amelelewa na mkate. Usimshindishe njaa ili azikubali, sungura hafungi. Zichanganye na majani mawili matatu ya mnanaa au giligilani, zitie kwenye boksi la kadibodi lililotobolewa au ndani ya roli la toileti, ziweke pale anapojisaidia, manake sungura anapenda kula akiwa anajisaidia, ndo alivyo. Kahawa alikataa wiki nzima kisha siku moja nikamkuta anazitafuna kama cherehani.

Hatua ya 3: punguza vya zamani kidogokidogo, siku kumi mpaka kumi na nne

Siku tatu za mwanzo chakula cha zamani kiasi kilekile, nyasi pembeni bila kikomo. Siku ya nne mpaka ya sita toa robo. Siku ya saba mpaka ya tisa unabaki na nusu, na kama unaleta peleti za sungura ndo unajazia hapo kijiko kimoja kimoja. Siku ya kumi mpaka ya kumi na mbili ibaki robo. Baada ya hapo kiishe. Mavi yakiwa madogo au laini popote katikati, rudi hatua moja nyuma ukae hapo siku mbili tatu, hamna anayekukimbiza.

Vinavyotakiwa kutoka moja kwa moja mwisho wa safari ni mkate, ugali, wali, biskuti, pumba za mahindi, mahindi yenyewe, na makombo ya mezani yenye chumvi na mafuta. Bibi zetu walifuga sungura kwa maganda na makombo na walikuwepo, sikatai, ila walikuwa wanaachiwa uani kutwa wanakula ukoka, kile kilichowaweka hai kilikuwa uani.

Hatua ya 4: majani mabichi, moja moja

Anza mavi yakishakuwa sawa, kwa kawaida baada ya wiki ya pili. Jani moja jipya, kipande cha ukubwa wa kidole, subiri siku mbili, angalia mavi, kama yako sawa ongeza. Alafu lingine. Ukimpa matatu kwa pamoja tumbo likivurugika hutajua limevurugwa na lipi. Akishazoea, kiasi kizuri ni kama kikombe cha chai kilichojaa majani yaliyokatwa kwa kila kilo ya mwili kwa siku, ugawe asubuhi na jioni. Yaoshe, yakung'ute, yaache yachuruzike maji.

Uzuri wa huku kwetu ni kwamba majani ya sungura ni bure au mia mbili gengeni. Mchunga, ule mchungu wa pwani, wangu wanaupenda kuliko kitu chochote. Kishona nguo, gugu ambalo kila mtu analing'oa, ni chakula kizuri kabla halijatoa zile mbegu zinazong'ang'ania nguo. Matembele. Majani ya karoti, ambayo wauza mboga wanayatupa, muombe mama wa genge akuwekee. Giligilani, mnanaa, rehani. Majani ya mgomba na majani mabichi ya mahindi pamoja na yale maganda yake ya nje, vyote hivi vinafaa na vinamfanya atafune sana.

Kuna vya kupa kidogo na kwa zamu. Mchicha na spinachi zina oksaleti nyingi, kemikali ya majani ambayo ikizidi si nzuri kwake, mara moja mbili kwa wiki inatosha. Sukuma wiki kidogo. Kabichi inajaza gesi, kipande kidogo kwa aliyezoea na kwa mgeni hapana. Saladi ile nyeupe ya duara ni maji tu, haina maana.

Sasa vya hatari, na hapa naomba usome taratibu. Kisamvu kibichi hapana, kina sumu ya sianidi ndo mana sisi wenyewe tunakitwanga na kukichemsha. Majani machanga ya mtama hapana kwasababu hiyohiyo. Majani ya nyanya na ya viazi mviringo hapana. Vitunguu vya aina zote hapana. Parachichi hapana, tunda wala jani, na hili watu hawalijui kabisa, wanaona tunda zuri wanampa. Mbarika, lantana ile ya maua ya rangi mbili tatu kwenye uzio, na maua ya bustanini usiyoyajua, yote asifikie.

Na kuna mkanganyiko wa majina ambao umewaponza wengi. Lusini, yaani alfaalfa, ni jani fupi la jamii ya mikunde, lina protini na kalsiamu nyingi, linamfaa sungura mtoto chini ya miezi sita na jike mwenye mimba, mkubwa mpe kidogo sana. Lusina ni mti, una majani madogomadogo kama ya mkwaju na maganda bapa, wafugaji wa mbuzi wanaupanda. Huo una sumu iitwayo mimosini, mnyama anayecheua anaweza kuivumilia lakini sungura akila sana ananyonyoka manyoya na kudhoofika. Majina yanafanana, muuzaji akikwambia ni lusini angalia jani kwa macho yako.

Hatua ya 5: peleti, upime kwenye mizani

Mkubwa asizidi gramu 25 kwa kilo ya mwili kwa siku. Pamba wa kilo 2 anapata gramu 50 basi, asubuhi nusu jioni nusu. Pima mara moja kwenye mizani kisha tafuta kikombe kidogo cha kahawa uweke alama ya kalamu, kuanzia hapo unatumia alama. Soma mfuko, nyuzinyuzi ziwe asilimia 18 kwenda juu. Nyingi zinazouzwa hapa ni za kunenepesha zina kama 12 hadi 15, ukikosa nyingine punguza kiasi na uongeze nyasi. Zile zenye mahindi, alizeti na vipande vya rangi rangi achana nazo, anachagua vitamu anaacha vingine. Sungura mtoto anayekua anaweza kupata zaidi, mpaka afike miezi sita hivi, kisha unapunguza polepole.

Ikitokea unakaa sehemu ambayo peleti hazipatikani kabisa usilie. Sungura mkubwa anaishi vizuri kwa nyasi na majani ya aina nyingi bila peleti, mradi aina ziwe nyingi kweli na sio mchicha wa kila siku.

Hatua ya 6: karoti na matunda

Karoti ni sukari. Kipande cha unene wa kidole gumba, mara mbili kwa wiki. Ndizi, embe, papai, tofaa, kijiko kimoja cha chai, na umpe mkononi kwa mkono wako mwenyewe ili akuzoee, hiyo ndo kazi nzuri ya pipi. Watoto wa nyumbani waeleze mapema, manake kila mmoja anampa kipande chake kwa upendo na mwisho wa siku sungura kala karoti nzima mbili.

Hatua ya 7: maji

Bakuli zito la udongo ambalo halipinduki, maji masafi, badilisha asubuhi na jioni. Kwa kilo moja anakunywa kama mililita 50 mpaka 150 kwa siku, na kwenye joto la Dar la Januari anaenda huko juu. Sungura asiyekunywa hali, na asiyekula tumbo linasimama, kwahiyo siku za joto kali mi nagandisha chupa ya maji kwenye friza naifunga kitambaa namuwekea bandani anaiegemea, na majani nampa yakiwa na unyevu kidogo.

Hatua ya 8: soma mavi na mkojo

Kuna mavi ya aina mbili, hili jua mapema usije ukashtuka. Yale makavu ya mviringo, na mengine laini, yanang'aa, yamebanana kama kishada kidogo cha zabibu, yana harufu. Hayo laini anayala mwenyewe moja kwa moja kutoka nyuma, mara nyingi usiku au alfajiri, na anatakiwa ayale, ndo yenye vitamini na protini alizotengenezewa na wale bakteria. Usimfukuze wala usimwogeshe kwa hilo.

Ukiyakuta hayo laini yamemganda nyuma au yamepondeka sakafuni kila siku, maana yake chakula kina utajiri kuliko anavyohitaji, punguza peleti na tamu, ongeza nyasi. Au amenenepa hafikii. Mfute kwa kitambaa chenye uvuguvugu upesi, nzi wa huku wakitaga pale funza wanaingia mwilini ndani ya siku moja.

Mavi yaliyoungana kwa nywele kama shanga, mswaki apigwe na nyasi ziongezwe. Mavi madogo kuliko kawaida yaliyokauka sana, tumbo linapunguza mwendo, kaa chonjo.

Mkojo mwekundu au wa rangi ya chungwa mara nyingi ni rangi ya majani aliyokula, mi siku ya kwanza nilipiga kelele. Ukiendelea siku mbili tatu, au anajikaza akikojoa, ni kwa dokta. Mkojo mweupe kama chokaa ni kalsiamu inayotoka, punguza lusini na mchicha, maji yawe mengi.

Hatua ya 9: lini ukimbie kwa dokta

Masaa 12 hajala au hajatoa mavi, ondoka nyumbani, usisubiri asubuhi. Amejikunyata, anasaga meno kwa sauti, tumbo gumu kama ngoma au masikio ya baridi, ondoka sasa hivi. Kuhara maji kwa sungura mtoto ni dharura ya masaa, mara nyingi ni koksidia, na wale wa sokoni wanaouzwa hawajafika hata wiki sita ndo wanaathirika zaidi. Kabla hujaondoka piga simu uulize kama anatibu sungura, sio wote wamezoea.

Na tafadhali usimpe amoksilini ya kwenye kabati la dawa. Dawa za jamii ya penisilini zikipita mdomoni zinaua bakteria wazuri wa tumbo lake na yeye anafuata. Nimeliweka hili kwenye mwongozo wa chakula makusudi, kwasababu tumbo ni lilelile.

Hatua ya 10: mzani wa kila Jumapili

Mpime kila wiki miezi mitatu ya kwanza, siku ileile. Akipungua kidogo huku mavi ni mengi na anaruka ruka, sawa, hasa kama alikuja mnene. Akipoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake rudisha mambo nyuma na akaangaliwe meno. Mpapase mgongoni pia, mbavu uzisikie chini ya ngozi kama kalamu ndani ya mfuko wa shati, zisichome na zisizame. Pamba saivi ana kilo 2 kamili, Kahawa yuko palepale.

Ukisafiri usimwachie mtu maelezo ya mdomo. Mi nafunga vifurushi vya siku, kila kimoja nyasi za rundo moja na peleti zilizopimwa kwenye kikaratasi, nimeandika Jumatatu, Jumanne mpaka mwisho, na juu ya banda nimebandika karatasi yenye maneno matatu makubwa, MKATE HAPANA KABISA, pamoja na namba ya dokta.